Nilifyatua Mimi Kwanza

Raundi ya mwisho, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wenzangu wanne walikuwa wameshakufa, upande wa pili alibaki mmoja. Nilisikia nyayo zake kushoto, nikaelekeza mtutu kwenye kona ambayo hakuwa na budi kutokea, nikabana pumzi. Akatokea. Nikafyatua. Mwako wa risasi yangu niliuona, na mlio wake niliusikia.

Kisha skrini ikaganda.

Haikuganda kwa muda mrefu, labda nusu sekunde. Ilipoachia, nilikuwa chini, kamera inaelea juu ya mwili wangu, na kwenye hedifoni wote wamenyamaza. Halafu mmoja wao akauliza, kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Mbona hukufyatua, kaka?"

Nikatazama marudio. Gemu hii humwonyesha marehemu sekunde zake za mwisho kwa macho ya aliyemuua. Nilijiona nimesimama wima nikiikodolea kona, mtutu umetulia kama wa sanamu. Yule jamaa akatoka, akalenga bila papara, akapiga mara moja. Bunduki yangu haikutoa hata cheche.

Nilifyatua. Kidole changu kinajua.

Kushindwa si jambo geni kwangu, nimecheza gemu za mtandaoni miaka mingi. Kilichonikaa rohoni kwa wiki tano ni kwamba nusu sekunde ile ilikuwa na kumbukumbu mbili, yangu na ya marudio, na sikuona vipi zote mbili zingeweza kuwa za kweli.

## Mlio ule ulikuwa wa nani

Tukicheza tunajiona tupo uwanja mmoja, mimi na adui. Kumbe viwanja ni vitatu: wa kwenye mashine yangu, wa kwenye mashine yake, na wa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mchezo, na huo wa seva ndio wenye neno la mwisho. Viwanja hivyo havilingani hata siku moja. Adui ninayemwona akitokea kwenye kona ni habari iliyokwisha kupoa kidogo. Ametokea, seva imepata taarifa, seva imenitumia. Nami nikibonyeza, habari yangu ndiyo kwanza inaanza safari. Tena seva yenyewe haitazami mfululizo, inapiga hesabu kwa mapigo. Yenye mapigo 64 kwa sekunde huhesabu kila baada ya milisekunde 15.6, yenye 128 kila baada ya 7.8.

Kama ndivyo, mbona mlio wa bunduki yangu niliusikia papo hapo?

Jibu nililikuta kwenye historia ya Quake, gemu iliyotoka Juni 1996. Ilipoanza kuchezwa kwenye intaneti, mchezaji alibonyeza kwenda mbele na mguu haukuinuka mpaka seva ikubali. Agosti mwaka huohuo John Carmack, aliyekuwa kinara wa uandishi wa programu yake, alikiri hadharani kwamba aliijenga juu ya dhana isiyo sahihi: alifikiria miunganisho ya chini ya milisekunde 200, ilhali watu wengi walikuwa wakiingia kwa modemu za simu zenye 300 na zaidi. Kabla mwaka haujaisha ikatoka QuakeWorld, ambamo mashine ya mchezaji haikungoja tena. Ilikisia. Ukibonyeza, ilikuonyesha mara moja kile ilichoamini seva itakubali, na ikikosea ilijisahihisha baadaye. Gemu za kasi tunazocheza leo bado zinafanya hivyo.

Nilipolielewa hilo niliacha kusoma, nikakaa kimya kwa muda.

Mlio niliousikia usiku ule ulikuwa makisio ya mashine yangu. Risasi yenyewe, yaani ile paketi ndogo iliyobeba amri yangu, ilikuwa bado njiani wakati adui ananiua. Seva nyingi hujitahidi kuwatendea haki waliochelewa: hurudisha nyuma saa ya uwanja na kuangalia adui alikuwa wapi mimi nilipofyatua, mbinu ambayo Yahn Bernier wa kampuni ya gemu ya Valve aliieleza kwa kina mwaka 2001. Lakini amri ikifika baada ya mwenyewe kufa, seva haina la kufanya nayo. Maiti hafyatui.

Kwa hiyo hakuna aliyedanganya. Nilifyatua kweli, na kwa kila mwingine aliyekuwa uwanjani sikufyatua.

Likabaki swali moja tu, na ndilo lililonifuata mpaka kitandani: paketi ile ilikuwa wapi kwa nusu sekunde nzima?

## Nilikimbilia kulipa

Kabla ya kuuliza hivyo nilikuwa nimeshafanya lile ambalo wengi wetu hulifanya. Nilipandisha kifurushi. Kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 60. Usiku wa kwanza nilipakua gemu nzima huku nikitazama mstari ukikimbia, nikafurahi kwelikweli, nikaingia uwanjani. Raundi ya tatu nikaganda.

Gemu ya aina hii, ikishapakuliwa, hutumia mtandao kidogo mno. Haitumi picha. Inatuma "nimesogea hapa, nimegeuka pale, nimebonyeza hiki", vipaketi vidogo makumi kwa sekunde, na kwa kawaida jumla yake haifiki hata megabiti moja. Megabiti zangu 20 zilikuwa zinatosha na kusaza. Nilikuwa nimeongeza maji kwenye mtungi uliokwisha kufurika.

Kuna jambo jingine nililipuuza kwenye karatasi ya kifurushi kipya. Nilisoma namba ya kupakua tu. Namba ya kupakia, yaani ya kutuma kutoka nyumbani kwenda nje, ilikuwa megabiti 4, ileile ya zamani. Haijasogea. Iwekeni akilini namba hiyo.

## Mdogo wangu

Sehemu hii ndiyo iliyonichelewesha kuandika.

Nina mdogo wangu ninayeishi naye. Jioni hutazama video kwenye simu yake, chumba cha pili, na kwa kuwa mimi hucheza jioni, akili yangu ilichora mstari kati ya mambo hayo mawili bila kuuliza ushahidi. Nikiganda, naita jina lake. Mwanzoni nilimwomba apunguze. Baadaye nikamwamuru azime. Kuna usiku mmoja, baada ya raundi mbaya, niliingia kwenye ukurasa wa ruta nikaifungia simu yake mtandao wote bila kumwambia, nikarudi kucheza. Nilimsikia akitoka chumbani, akasimama karibu na ruta, akaitazama, akarudi ndani. Hakuniuliza kitu.

Raundi chache zilizofuata zilienda vizuri, nikachukulia hilo kuwa ushahidi.

Sasa ninajua kwamba lagi, yaani ucheleweshaji wa namna ile, huja na kuondoka yenyewe, na kwamba mtu anayetafuta mkosaji atampata kila mara, kwa sababu kila utulivu unaokuja baada ya adhabu unaonekana umeletwa na adhabu. Wakati ule sikuwa nimepima chochote. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na mtu wa karibu.

Halafu akaondoka kwa wiki mbili, akaenda kwa ndugu. Nyumba ikawa na mimi na mashine zangu tu.

Usiku wa pili nikaganda palepale, kwa namna ileile.

## Madirisha mawili

Hapo ndipo nilipoanza kupima, na natamani ningeanzia hapo.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la Marekani ya utafiti wa balistiki, aliandika kwa jioni moja programu fupi inayotuma paketi kwenye anwani fulani, inangoja irudi, inakuambia imechukua muda gani. Aliipa jina la mlio wa sona inayotafuta nyambizi: ping. Namba tunayoiangalia kwenye kona ya skrini tukiwa mchezoni inaitwa jina hilo mpaka leo. Karibu kila kompyuta inayo, na haihitaji kulipiwa.

Nilifungua madirisha mawili ya amri. La kwanza linapigia pingi ruta yangu mwenyewe, iliyo sebuleni. La pili linapigia anwani ya nje. Maana yake ni rahisi: njia ndefu nimeikata vipande viwili. Dirisha la kwanza likiyumba, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Likitulia na la pili likayumba, ugonjwa uko kuanzia kwenye ruta kwenda mbele. Nikayaacha yakitembea, nikacheza.

Dirisha la ruta lilisema: 2, 3, 2, 2, 88, 3, 2, 140, 2.

Ruta iko hatua kumi na mbili kutoka nilipokaa. Milisekunde 140, kwa hatua kumi na mbili.

Hiyo ilikuwa waifai. Ugumu wa waifai ni kwamba vifaa vyote kwenye chaneli moja hupeana zamu ya kuzungumza, pamoja na vifaa vya majirani usiowajua, na sauti mbili zikigongana paketi hutumwa upya. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana kwa upana wa kawaida: 1, 6 na 11. Ruta yangu ilikuwa imekaa chaneli ya 4, katikati ya 1 na 6, inasumbuliwa na pande zote mbili na kuzisumbua zote mbili. Hata tanuri la maikrowevu hutumia masafa hayohayo. Nilihamia gigahezi 5, hali ikawa nzuri mlango ukiwa wazi na mbaya ukiufunga, maana masafa hayo hupenya kuta kwa shida zaidi.

Mwisho nikanunua kebo ya mita 15, nikaipitisha kando ya ukuta. Kebo ya ithaneti ya shaba hufanya kazi mpaka mita 100, kwa hiyo umbali wa ndani ya nyumba si hoja. Dirisha la ruta likasema 1, 1, 1, 1, 1. Nililitazama kwa dakika nzima. Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, vuta kebo.

Siku tatu nilicheza kama mtu aliyepona.

Usiku wa nne, skrini ikaganda.

## Kitu kilichokatika ghafla

Safari hii madirisha yalikuwa wazi. La ruta: 1, 1, 1. La nje: 31, 29, 30, 412, 506, 530, 498.

Nilihisi ushindi wa ajabu. Ndani ni salama, tatizo liko nje, kwa hiyo mkosaji ni kampuni inayoniuzia intaneti. Nikaanza kuandika malalamiko. Nilikuwa nimefika aya ya pili, maneno makali kabisa, nilipogundua kwamba ninafanya tena kile nilichomfanyia mdogo wangu. Nimepata namba moja na nimeshatoa hukumu.

Nikarudi kwenye kumbukumbu ya pingi, ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwenye faili. Saa za jioni ndizo watu wengi wanazotumia mtandao, na njia za kampuni zinaweza kusongamana. Lakini msongamano wa watu wengi hupanda taratibu na kushuka taratibu, kwa sababu watu hawaingii wote kwa dakika moja. Kwenye faili langu namba zilipanda kutoka 30 hadi 400 ndani ya sekunde mbili, zikakaa huko dakika kumi na tisa, zikashuka hadi 30 ndani ya sekunde moja. Kama mtu aliyefungua bomba, akaondoka, akarudi kulifunga.

Watu wengi hawafanyi hivyo. Kitu kimoja ndicho hufanya hivyo.

Usiku uliofuata nilingoja. Pingi ilipopanda niliacha gemu, nikafungua ukurasa wa ruta unaoorodhesha vifaa na kiasi ambacho kila kimoja kinatuma. Kompyuta yangu: karibu sifuri. Chini yake kifaa kimoja kilikuwa kinatuma megabiti 4 kwa sekunde, bila kupumua. Zote nne.

Kilikuwa simu yangu.

Ilikuwa imelala kifudifudi juu ya meza, karibu kugusana na kiganja changu cha kulia, ikichaji. Nimeipangia ihifadhi nakala za picha na video kwenye wingu, na ili isimalize betri wala bando, inangoja mambo mawili: iwe kwenye waifai, na iwe kwenye chaji. Mimi huiweka kwenye chaji ninapoketi kucheza. Kila jioni, kwa mkono wangu, kwa miezi.

Nikaichomoa. Dirisha la nje likasema 30.

Nikaichomeka tena. 470.

## Nyuma ya picha

Hata hapo sikuelewa kwa nini. Paketi zangu ni ndogo, picha ni kubwa, sawa. Lakini kugawana njia na kusubiri nusu sekunde ni mambo mawili tofauti.

Aliyenifungua macho ni Jim Gettys, mhandisi wa miaka mingi wa kompyuta. Mwaka 2010 alikuwa nyumbani akituma mafaili, akaona pingi yake imepanda kupita sekunde moja. Kwa kuwa alikuwa na ujuzi na subira, alichimba mpaka akakuta kwamba vifaa vya mtandao vimejazwa hifadhi za muda kubwa kupita kiasi, yaani bafa. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa zimeshuka bei, na watengenezaji waliogopa kupoteza paketi, basi wakaongeza nafasi ya kuzisubirisha. Ukiwa na nafasi kubwa hupotezi kitu. Kila kitu kinasubiri.

Na kusubiri huko kunaharibu mpango uliowekwa zamani. Itifaki ya TCP, inayobeba mafaili, hujifunza kasi inayofaa kwa kupoteza paketi: ikipotea moja, inajua njia imejaa, inapunguza mwendo. Ujuzi huo ulipatikana kwa shida. Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yanayotengana kwa yadi 400, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, na Van Jacobson ndiye aliyekaa chini na wenzake kuifundisha TCP kupunguza mwendo. Sasa bafa ikiwa kubwa, paketi hazipotei, na anayetuma hapati habari kwamba anatakiwa apunguze. Anaendelea kumimina. Foleni inarefuka.

Piga hesabu ya nyumbani kwangu. Chukua modemu yenye bafa ya kilobaiti 256, kitu kidogo sana kwa viwango vya leo. Kilobaiti 256 ni kilobiti 2,048. Mlango wa kutokea unapitisha megabiti 4 kwa sekunde. Foleni hiyo ikijaa, atakayesimama mwisho wake atasubiri takriban nusu sekunde.

Nusu sekunde.

Risasi yangu ilikuwa imesimama nyuma ya picha zangu mwenyewe.

Na hii ndiyo sababu video za mdogo wangu hazikuwa na hatia, au hazikuwa na hatia niliyompa. Yeye alikuwa anapakua, kwenye mlango mpana wa megabiti 20 na baadaye 60. Mlango wa kutokea, ule wa megabiti 4 ambao sikuusoma, hakuwa akiugusa isipokuwa kwa vipaketi vidogo vya kukiri kupokea. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuziba.

## Dawa, na bei yake

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson walichapisha mbinu waliyoiita CoDel. Wazo lake linanivutia hadi leo: usiulize foleni ina urefu gani, uliza paketi imekaa humo muda gani. Ikikaa zaidi ya milisekunde 5 na hali ikaendelea hivyo kwa 100, tupa paketi moja makusudi, ili anayetuma apate ujumbe na apunguze. Ndugu yake fq_codel, aliyeandikwa kwenye waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 8290 mwaka 2018, anaongeza haki: kila mkondo unapangwa foleni yake, kwa hiyo kipaketi cha gemu hakikai nyuma ya picha mia mbili. Kuna pia CAKE, iliyokuja baadaye kwa ajili ya ruta za nyumbani hasa.

Ruta yangu haikuwa na kitu hicho. Kwa bahati ilikuwa aina inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta, nikaiweka, nikawasha kipengele cha kupanga foleni kinachoitwa SQM, nikakichagulia CAKE hiyo. Kinakuomba uandike kasi ya mstari wako, na hapa ndipo wengi hukosea: usiandike kasi kamili. Pima kasi yako halisi, kisha andika asilimia 90 hivi. Foleni hutokea pale penye uwazi mwembamba kuliko pote, nawe unataka uwazi huo uwe ndani ya ruta yenye akili, usiwe ndani ya modemu isiyo nayo. Niliandika megabiti 3.6 za kupakia.

Bei yake ni hiyo sehemu moja ya kumi. Niliitoa bila majuto.

Simu kwenye chaji, picha zinapanda, pingi ya nje: 33, 35, 31, 38.

Kwa asiyeweza kubadilisha ruta, nusu ya dawa inapatikana bure. Ipangie simu ihifadhi picha alfajiri, au weka kikomo cha kasi ya kupakia kwenye programu inayotuma, ukaguzi wa dakika tano kwa kila kifaa chenye kamera. Kwa anayetumia mtandao wa simu hali ni ngumu zaidi, maana kasi yake hubadilika kila dakika na kikomo ulichoandika asubuhi hakifai jioni.

Vingine nilivyojaribu nivitaje kwa haraka ili visikupotezee siku. Kubadilisha anwani za DNS hakushushi pingi ndani ya mchezo. DNS hutafuta anwani ya seva mwanzoni, ikishapatikana kazi yake imekwisha. Kufungua poti, yaani milango ya ruta ya kupokea mawasiliano kutoka nje, husaidia usipoweza kuungana na wenzako au kusikia sauti zao. VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kwanza, inaweza kusaidia pale njia ya kampuni yako inapozunguka mbali bila sababu, vinginevyo inaongeza kituo safarini. Na kama pingi imetulia na bado picha inakatika, iangalie mashine yenyewe: kwa fremu 60 kwa sekunde kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa, na mashine iliyolemewa hukosa muda huo bila mtandao kuhusika.

## Kisichotibika

Kuna lagi ambayo hakuna kebo wala mpangilio utakaoiondoa, nayo ni umbali. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde. Mwenye kukaa kilomita 5,000 kutoka kwenye seva anadaiwa milisekunde 50 za kwenda na kurudi hata kama waya umenyooka kama uzi, na nyaya hazinyooki. Anayetegemea setilaiti za mzunguko wa juu, kilomita 35,786 kutoka ardhini, anadaiwa karibu 480 kabla hajagusa kitufe.

Nimewatukana watu hao. Nakumbuka mmoja, kikosi chetu, mhusika wake akiruka kutoka ukuta hadi ukuta, nami nikimwambia atoke akatafute intaneti kwanza. Nilipiga kura ya kumwondoa. Sikumuuliza yuko wapi.

Na ninaona watengenezaji wa gemu wana deni hapa. Wakitaka wanaweza. Mwaka 2006 Tony Cannon, mpenzi wa gemu za kupigana, hakuridhika na jinsi gemu moja ya zamani aliyoipenda ilivyochezwa mtandaoni, akaandika GGPO: badala ya kuwasubirisha wachezaji wote wawili, mashine inakisia mpinzani atafanya nini, na ikikosea inarudi nyuma na kuchora upya kabla jicho halijalalamika. Mtu mmoja mwenye kuudhika vya kutosha. Wapo wanaoficha pingi kwenye menyu ya tatu, wasiokuruhusu kuchagua seva, wasiokuambia kabla ya mechi kwamba umewekwa uwanja wa mbali. Mchezaji aliye mbali anastahili angalau kuambiwa.

## Aliporudi

Mdogo wangu alirudi Jumamosi mchana. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanipotea. Nikamketisha mbele ya kompyuta, nikamwonyesha faili la pingi, mistari iliyopanda na kushuka, tarehe ambazo yeye hakuwepo. Nikamwambia ilikuwa simu yangu. Nikamwambia na ule usiku nilipomfungia mtandao.

"Nilijua," alisema. "Jina la simu yangu lilikuwa jekundu kwenye kioo cha ruta. Kwani ulidhani nilisimama pale kutazama nini?"

Nikamwomba radhi. Akaniuliza kama anaweza kuona ile CAKE inavyofanya kazi, tukakaa mpaka magharibi, yeye anapakia video makusudi ili pingi ipande, nayo inakataa kupanda.

Usiku ule nilicheza yeye akitazama zake chumba cha pili, simu yangu iko kwenye chaji. Kumi na mbili kwa kumi na mbili tena, kona nyingine, adui mwingine. Akatokea, nikafyatua, nikafa.

Nikatazama marudio. Bunduki yangu iliwaka, macho yake yaliiona wazi, na risasi ilipita kushoto kwa kichwa chake.

Pingi ilikuwa 31.